Katiba na Waliosahauliwa Barazani

Aingiaye Uganda kutoka Kasindi, upande wa Kongo, huvuka mto Lubiriha na kufika Mpondwe, karibu na Bwera, wilayani Kasese. Lugha aliyoiacha ng'ambo ataikuta tena sokoni, kwani Bakonzo wa huku na Banande wa kule ni ndugu. Wakoloni ndio waliochora mpaka huo. Hata hivyo, mpaka uliomwaga damu nyingi katika milima hii ulikuwa ndani ya katiba.

Hakuna serikali inayoundwa bila mapatano. Mwaka 1787 wajumbe 55 wa Marekani walikutana Philadelphia kuandika katiba. Majimbo makubwa yalitaka viti vya bunge vigawanywe kwa wingi wa watu. Madogo yalidai kura sawa. Tarehe 16 Julai walipatana: baraza moja lifuate wingi wa watu, na la pili, yaani Seneti, liwe na kura sawa kwa kila jimbo. Utaratibu huo ungalipo hadi leo.

Lakini wajumbe walipatana pia juu ya watu wasiokuwapo. Watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu, viti vya majimbo ya mabwana zao vikaongezeka. Bunge nalo likazuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Watumwa wenyewe hawakuulizwa neno. Deni hilo lililipwa katika vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000.

Uganda nayo ilizaliwa kwa mapatano. Katika mikutano ya London ya 1961 na 1962, Buganda ilipewa madaraka ya shirikisho, na Lukiiko yake ikaruhusiwa kuchagua wabunge 21. Ankole, Bunyoro na Toro zilipata madaraka madogo zaidi. Ugomvi wa Bunyoro na Buganda juu ya kaunti zilizopotea uliahirishwa, ukaamuliwa kwa kura mwaka 1964.

Bakonzo na Baamba walikuwa chini ya Toro. Waliomba katiba ya Toro iwatambue kuwa sawa na Batooro. Ombi lilipokataliwa, wajumbe wao walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, mwezi wa Machi 1962, wakadai wilaya yao wenyewe. Hiyo nayo walinyimwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu, alitangaza nchi ya Rwenzururu. Uhuru wa Uganda ulipofika tarehe 9 Oktoba, milima ilikuwa imekwisha kuasi.

Nyumba zilichomwa, na familia zikakimbilia milimani. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti angali kijana mdogo. Wilaya iliyodaiwa ilitolewa mwaka 1974, miaka 12 baada ya kuombwa kwa maneno tu. Amani yenyewe ilingoja hadi tarehe 15 Agosti 1982, Mumbere alipoteremka na kukabidhi silaha, baada ya mazungumzo yaliyoongozwa na Amon Bazira. Baadaye alikwenda kusoma Marekani, akafanya kazi ya kuuguza wagonjwa. Ufalme wa Rwenzururu ulitambuliwa rasmi mwaka 2009.

Hadithi haikuishia hapo. Kasese ni nyumbani kwa Basongora na Banyabindi pia, nao wameomba kutambuliwa kama Bakonzo walivyoomba zamani. Novemba 2016 mapigano kati ya walinzi wa mfalme na majeshi ya serikali yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo askari polisi. Mumbere alishtakiwa, na mwaka 2023 kesi ikafutwa, akarudi Kasese.

Ndugu msomaji, askari ndiye aitwaye mwisho, maneno yanapokwisha. Naye, pamoja na mama aliye shambani na watoto wake, hulipa kosa la barazani. Baba agawaye shamba na kumsahau mtoto mmoja hajamaliza ugomvi, ameuahirisha tu. Na mtoto aliyesahauliwa jana, siku akipewa yeye kugawa, hana budi kwanza kuuliza ni nani bado hajaitwa.