Tiketi ya Ulaya kwa bei chee? Anza kupiga hesabu ukiwa Hanga

Tangazo linaingia WhatsApp: kwenda Munich na kurudi, Sh1.6 milioni tu, ofa inaisha leo usiku.

Kwa mkazi wa Hanga, mkoani Ruvuma, mwenye mwaliko wa kwenda Ujerumani, hiyo si ndoto ya mbali. Abasia ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957, ni ya Shirika la Wabenediktini la Mtakatifu Ottilien, lenye chimbuko Bavaria, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Munich.

Lakini kabla hujalipa, angalia kitu kimoja: ndege inaanzia wapi?

Nairobi si Dar

Mara nyingi bei ya kutupwa huwa ni ya kuanzia Nairobi. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, siku nzima kwenye basi. Ukifika Dar, bado una safari nyingine ndefu ya kwenda Nairobi.

Tupige hesabu kwa bei za mfano, kwenda na kurudi:

- Tiketi Nairobi–Munich, bila begi kubwa: Sh1,600,000
- Kulipia begi: Sh250,000
- Basi Dar–Nairobi: Sh200,000
- Kulala na kula Nairobi: Sh100,000

Jumla: Sh2,150,000.

Kama tiketi ya kuanzia Dar, begi la kilo 23 likiwa ndani, ni Sh2,050,000, basi ile "ofa" imekuzidishia Sh100,000. Nauli ya Hanga hadi Dar hatujaigusa, maana utailipa kwa vyovyote.

Viza kwanza, tiketi baadaye

Hapa ndipo watu wanaumia. Tiketi nyingi za bei chee hazirudishwi pesa. Ukinyimwa viza, nauli imekwenda, na ada ya viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudi.

Maombi kwa kawaida huchukua siku 15, na yanaweza kufika 45. Kwa hiyo tumia nafasi iliyoshikiliwa tu kwenye ndege, usilipe tiketi kamili kabla ya jibu.

Kadi ya homa ya manjano

Ukirudi Tanzania kupitia Kenya, unaweza kudaiwa kadi ya chanjo mpakani. Chanja angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kadi hiyo ni ya maisha, huchanji tena.

Tiketi moja au mbili?

Ofa nyingine ni tiketi mbili za mashirika tofauti zilizounganishwa. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na huenda ukanunua tiketi nyingine papo hapo. Begi nalo unaweza kulazimika kulichukua na kulikabidhi upya, jambo linaloweza kukudai viza ya nchi unayopita.

Ukiunganisha London, pasipoti ya Tanzania kwa kawaida inahitaji viza ya kupita hata usipotoka uwanjani, labda uwe na msamaha, mfano viza ya Marekani.

Kabla ya kubonyeza "lipa"

Muulize wakala mambo manne: inaanzia wapi, begi lipo, ni tiketi moja, na nikinyimwa viza narudishiwa kiasi gani? Majibu yaje kwa maandishi. Akikwepa hata moja, acha hiyo ofa iishe usiku huohuo.