Usukani Uliolegea katika Land Rover ya Zamani

Mwenye Land Rover ya zamani huzoea mambo mengi ambayo mwenye gari jipya asingeyavumilia, na katika mazoea hayo lililo baya kupita yote ni kuuzoea usukani uliolegea. Hulegea kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na mikono ya dereva hujifunza kuufuata bila yeye mwenyewe kutambua. Siku anapomwazima ndugu yake gari hilo ateremke nalo barabara ya Mai Mahiu, iliyochongwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, yule ndugu ndiye anayetambua, na wakati huo lori limekwisha kuwa mbele yake.

Magari yanayosemwa hapa ni yale ya springi za vyuma bapa, ambayo yalionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, yakaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Ujenzi wake ni rahisi, lakini safari ya kutoka usukani hadi magurudumu ni ndefu. Usukani hugeuza sanduku lake la meno. Sanduku husukuma fimbo. Fimbo hiyo hugeuza kiungo cha kati kilichosimamishwa ndani ya chuma cha mbele cha chesisi, ambacho mafundi hukiita rilei. Kutoka hapo fimbo ya pili huenda kwenye gurudumu moja, na ya tatu, yaani tairodi, huunganisha magurudumu mawili ya mbele. Katika fimbo hizo tatu mna boljointi sita. Kila moja ikilegea kwa unene wa ukucha tu, ulegevu wote hujumlishwa ukafika mikononi mwa dereva. Ndiyo sababu watu wengi hudhani ya kwamba sanduku limekufa, wakanunua jingine kwa fedha nyingi, na gari likayumba vile vile kama jana.

Kazi huanza kwenye tairi, maana hazihitaji spana. Tairi za mbele zenye upepo wa namna mbili, au moja mpya na moja kipara, hulivuta gari upande mmoja hata kama viungo vyote ni vizima. Nati za magurudumu nazo zikazwe kabla ya kulaumu kitu kingine.

Baada ya hapo watakiwa watu wawili. Injini izimwe, magurudumu yakae chini, na mmoja autikise usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi. Mwenzake alale chini ya gari, ashike kila kiungo kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kwa sababu mkono husikia mchezo ambao jicho halikuuona. Mahali ambapo upande mmoja wa kiungo watikisika na wa pili umetulia, ubovu uko hapo. Boljointi iliyolika haitengenezwi, hubadilishwa. Ikiwa mkono wa juu wa rilei wageuka na wa chini wachelewa kuufuata, tatizo ni rilei. Mara nyingi imekauka mafuta kwa miaka mingi, kwa kuwa wachache hukumbuka ya kwamba nayo yahitaji mafuta. Lakini ikiwa nguzo ya usukani yazunguka na mkono unaotoka katika sanduku haujasogea, hapo ndipo sanduku laweza kulaumiwa. Lina skrubu ya kupunguza mchezo, nayo hurekebishwa magurudumu yakiwa yameelekea mbele sawasawa. Fundi asiikaze kufidia ulegevu wa viungo vingine: usukani utakuwa mzito, utakataa kurudi wenyewe baada ya kona, na meno yataliwa upesi. Wala asitafute usukani usiocheza hata kidogo; gari la namna hii halikuundwa hivyo.

Sasa gari lipandishwe kwa jeki, na hapa pana hatari isiyojulikana na wengi. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe. Hushika mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, la pili laweza kuzunguka na gari likaondoka juu ya jeki. Basi mawe au magogo yawekwe kwenye magurudumu yaliyo chini, na gari lipumzike juu ya kigogo imara, si juu ya jeki peke yake.

Gurudumu la mbele likiwa hewani, lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki, kisha litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea au zimelika. Ukibaki, ubovu uko kwenye pini za juu na chini za ile tufe kubwa iliyo nyuma ya gurudumu. Pini hizo zikilegea, gari hupiga shimo dogo na usukani mzima huanza kutetemeka kwa nguvu, usitulie mpaka dereva apunguze mwendo. Tufe yenye kutu hukata sili yake, mafuta huvuja, na bushi ya juu huliwa kavu.

Zabaki springi, ambazo husahauliwa kwa kuwa hazikushikamana na usukani. Gari likivuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki na upande wa pili anapoongeza mafuta, ekseli inasogea: pengine yu-bolti zimelegea, au bushi za springi zimekwisha, au bolti ya katikati ya springi imekatika. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma upimwe kwa kamba pande zote mbili. Tofauti ikionekana, ekseli imehama. Shokabzoba zitazamwe kama zavuja mafuta, maana barabara ya changarawe yenye matuta madogo madogo huzimaliza mapema.

Bushi mpya za springi zisikazwe gari likiwa hewani, kwani mpira wake utajipinda na kupasuka, lishushwe kwanza. Boljointi zikibadilishwa, mwelekeo wa magurudumu ya mbele upimwe tena: mbele yakaribiane kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Na yu-bolti zikazwe mara ya pili baada ya safari fupi ya kwanza.