Pat Summitt: Kutoka mshahara wa dola 250 hadi ushindi wa mechi 1,098

MWAKA 1974, msichana wa miaka 22 aliripoti Chuo Kikuu cha Tennessee, mjini Knoxville, Marekani, akijua anakwenda kuwa msaidizi wa kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu huku akisomea shahada ya uzamili. Kabla msimu haujaanza, kocha mkuu akaondoka. Timu akakabidhiwa yeye, kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi.

Wakati huo akiitwa Patricia Head. Baada ya kuolewa, mwaka 1980, ndipo akawa Pat Summitt, jina ambalo lingekuja kuandikwa kwenye sakafu ya uwanja wa chuo hicho.

Kwa hizo dola 250 alifundisha, akaendesha gari la timu na kufua jezi. Jezi zenyewe zilipatikana kwa wachezaji kuuza donati. Safari moja walifika ugenini bila fedha ya hoteli, wakalala sakafuni kwenye ukumbi wa wapinzani wao. Mfanyabiashara aliyewahi kulala juu ya mzigo wake akisubiri geti la mpakani lifunguliwe hana haja ya kuelezwa usiku huo ulikuwaje.

Mechi yake ya kwanza, Desemba 1974, alifungwa na Mercer 84 kwa 83.

Kikwazo kikubwa hakikuwa vipaji bali soko. Mchezo wa wanawake haukuwa na mnunuzi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, hakikuwa na mashindano ya wanawake ya mpira wa kikapu hadi 1982. Sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ilikuwa imepitishwa mwaka 1972, lakini sheria ya karatasini na fedha za mkononi ni vitu viwili.

Yeye alilijua hilo tangu nyumbani. Alizaliwa Juni 14, 1952, Clarksville, katika familia ya wakulima wa tumbaku na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikata majani ya mifugo, alikamua, na jioni alicheza mpira wa kikapu na kaka zake watatu juu kwenye ghala la majani makavu. Sekondari ya eneo lao haikuwa na timu ya wasichana, hivyo baba yake, Richard, akahamisha familia nzima kwenda Henrietta, wilaya ya jirani, ili binti acheze. Lakini ulipofika wakati wa chuo, kaka zake walisomeshwa kwa ufadhili wa michezo. Kwake yeye, wazazi walilipa.

Baba huyo hakuwa mtu wa maneno matamu. Summitt mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na miaka 43 baba yake alipomkumbatia kwa mara ya kwanza, baada ya ubingwa wa 1996.

Akiwa tayari kocha, na goti lililofanyiwa upasuaji, alijinoa upya kama mchezaji. Mwaka 1976 alirudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Montreal, ambako alikuwa nahodha mwenza wa Marekani. Miaka minane baadaye, Los Angeles, alirudi kwenye Olimpiki akiwa kocha na kuchukua dhahabu.

Huko Knoxville ubingwa wa taifa ulichelewa. Ulikuja 1987, msimu wake wa 13. Desemba ya mwaka huohuo watu zaidi ya 24,000 walilipa kiingilio kuitazama timu yake ikicheza na Texas. Ndiyo timu ileile iliyokuwa ikiuza donati. Baada ya hapo makombe yalifuatana: 1989, 1991, matatu mfululizo kuanzia 1996 hadi 1998, kisha 2007 na 2008. Msimu wa 1997-98 walicheza mechi 39 na kushinda zote.

Hesabu hizo zinaweza kumfanya msomaji adhani mambo yalijipa. La. Kila mchezaji alitafutwa nyumbani kwao, na hapo ndipo kinapoingia kisa ambacho mashabiki wake hawachoki kukisimulia.

Septemba 1990, akiwa na mimba kubwa, Summitt alipanda ndege ndogo kwenda Pennsylvania kuzungumza na familia ya binti mmoja hodari, Michelle Marciniak. Katika safari hiyo, chupa ikapasuka. Alimaliza mazungumzo kwanza, ndipo akarudi kwenye ndege. Angani uchungu ulizidi, na marubani wakataka kutua jimbo la Virginia. Akakataa katakata. Chuo Kikuu cha Virginia kilikuwa kimemtoa kwenye mashindano miezi michache tu nyuma, na hakuwa tayari mwanawe azaliwe huko. Mtoto, Tyler, alizaliwa Tennessee.

Na Marciniak? Alichagua Notre Dame. Safari yote ile ikawa kama hasara. Lakini baada ya mwaka mmoja binti huyo akahama mwenyewe kwenda Tennessee, na ubingwa wa 1996 ulipopatikana, yeye ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano.

Masharti ya kocha yalikuwa makali. Mchezaji hakuruhusiwa kukosa kipindi darasani, na akiingia alitakiwa kukaa safu tatu za mbele. Wachezaji waliomaliza muda wao wote wa kucheza chini yake walihitimu masomo, bila kubaki hata mmoja. Pengine hiyo ndiyo rekodi yake ngumu zaidi kuifikia, ingawa haina kombe.

Mara mbili, 1994 na 2001, chuo kilimgusia kazi ya kufundisha timu ya wanaume. Alikataa zote mbili, akihoji kwa nini watu wanaiona kazi hiyo kuwa ni kupanda cheo. Alibaki na biashara aliyoijenga. Mwaka 2006 alisaini mkataba uliomfanya kuwa kocha wa kwanza wa timu ya wanawake ya chuo kulipwa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka.

Kisha akaanza kusahau. Mbinu alizozipanga mwenyewe zikampotea katikati ya mechi. Agosti 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza hadharani kwamba madaktari wamemkuta na ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu taratibu. Angeweza kuondoka siku hiyohiyo bila kulaumiwa na mtu. Alifundisha msimu mmoja zaidi, wasaidizi wake wakibeba sehemu kubwa ya kazi, na akaanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo. Geno Auriemma wa Connecticut, hasimu wake wa miaka mingi ambaye walifikia hatua ya kutocheza tena, alichangia dola 10,000.

Aprili 2012 alimwachia timu Holly Warlick, mchezaji wake wa zamani aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Alikuwa ameshinda mechi 1,098 na kupoteza 208 katika misimu 38. Wakati huo hakuna kocha wa ngazi ya juu ya vyuo Marekani, wa wanaume wala wa wanawake, aliyekuwa na ushindi mwingi kiasi hicho. Alifariki dunia Juni 28, 2016, akiwa na miaka 64.

Kwa upande wa wanawake, rekodi hiyo ilidumu hadi Desemba 2020, ilipovunjwa na Tara VanDerveer wa Stanford, kocha yuleyule ambaye Summitt alimfunga katika fainali ya 2008 na kuchukua kombe lake la nane na la mwisho.