"Uliza swali!"

Nenda Mahakama ya Mwanzo yoyote siku ya kusikilizwa kesi za madai, ukae benchi la nyuma. Shahidi wa mdai akimaliza, hakimu humgeukia mdaiwa: "Una maswali?" Mdaiwa anasimama na kufoka: "Huyu mwongo! Hela nilimrudishia mbele ya mkewe!" Hakimu anamkatiza: "Uliza swali." Anafoka tena, anakatizwa tena. Mwishowe anachoka: "Basi mheshimiwa, sina swali."

Hapo kesi imeshaanza kuzama. Jambo zito usilomhoji shahidi, mahakama zetu huhesabu umelikubali. Na ilitosha kuuliza: "Jioni ile nilipokuletea hela, mkeo alikuwepo au hakuwepo?"

Hata hivyo sikubaliani na wanaodai kila kesi ni ya wakili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo Tanzania; mlango ulifunguliwa 2021, tena pale tu anapoketi hakimu mkazi. Watu walidaiana mbuzi, mahari na mirathi kwa vinywa vyao wenyewe, mbele ya wazee wa baraza. Deni la laki nne kuliwekea wakili wa laki tano ni hasara ya kujitakia.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda na makaratasi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi humaliza siku hizo wakimbembeleza bosi. Rufaa ya kutoka Mwanzo kwenda Wilaya nayo ni siku 30. Na ukifungua kesi mpya Mahakama ya Wilaya au juu yake, mkataba ulioubandika kwenye hati ya madai bado si ushahidi mpaka usimame uombe upokewe kuwa kielelezo. Wapo walioondoka wameshindwa, risiti zao zimo kwenye bahasha ya kaki.

Ndiyo maana napendelea njia ya kati: mlipe wakili akuandikie hati na kukupangia maswali, kisha usimame mwenyewe. Ila kiwanja chenye hati, au rufaa ya Mahakama Kuu, usijaribu peke yako. Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure.

Na wale wenye suti wanaokudaka getini wakisema "kesi yako ndogo hii, mzee"? Wengine ni vishoka. Mwombe jina kamili, ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata nauli.