Kengele ya mashine ya boti ikilia

MTANGAZAJI: Wengi wenu mlivua Ziwa Tanganyika, na mmoja wenu ameuliza: kwa nini kengele ya mashine inalia wakati tanki la oili limejaa?

Kaka, zima kwanza. Wapo wanaokata waya wa kengele wasisikie kelele. Hao wanaua pistoni. Mashine hizi oili yake huvutwa na pampu ndogo, ikaungua pamoja na petroli. Tanki kujaa si kusema oili inafika.

Angalia mpira wa oili. Ukiona mapovu, hewa imeingia: kaza vibano, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu hadi oili itoke safi. Chujio likiwa na maji, lisafishe. Na maji ya kupoza yasipotoka nyuma, kengele inalilia joto, si oili.

Uko katikati ya ziwa, fundi hayupo? Chota oili ileile ya tanki, uchanganye mwenyewe: mililita 400 kwa petroli lita 20. Chupa ya nusu lita, ijaze sehemu nne kati ya tano. Oili ya gari hapana. Sigara pia hapana! Tikisa, kisha endesha polepole hadi ufukoni. Moshi utakuwa mwingi, usiogope.

(MUZIKI)