Tutunge Chemsha Bongo za Bao

Hapa Kigoma mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Ndizo siku za bao. Pita Kibirizi, Katonga au Ujiji chini ya miembe, utawakuta wazee wameinama juu ya kete. Vijana ni wachache, na akina mama ndio kabisa: sisi tunapita tu na ndoo kichwani.

Je, wazee hawa wakiondoka, nani atabaki na elimu ile? Mchezaji mzuri huhesabu kichwani mzunguko mzima kabla ya kugusa kete, na hesabu hiyo haikuandikwa popote. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, na utafiti wake juu ya ubingwa wa bao ukatoka mwaka 1995. Ya mabingwa wetu wa huku tuyaandike sisi wenyewe.

Ugumu wa bao kwa mtoto ni mwanzo wake. Kete ni 64 na mashimo 32. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Sheria za nyumba peke yake humchosha mtoto. Ndiyo maana lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili. Lakini hata hilo ni refu. Sisi tunaofundisha watoto kanisani tumeona afadhali kuanzia mwishoni, kwa fumbo dogo.

Hebu jaribu hili. Hesabu mashimo ya mstari wako wa mbele kutoka kushoto. Weka kete mbili katika shimo la tatu na moja katika la tano. Mpinzani wako ana kete nne mbele ya shimo lako la tano, na moja mbele ya la nne. Kwingine mbele hana kitu. Ni zamu yako, kwa mtaji. Je, utammaliza?

Ukisambaza zile mbili kwenda kulia, ya mwisho inaangukia shimo la tano, unakula nne. Unaziingiza kuanzia kichwa cha kushoto: moja, mbili, tatu, nne. Shimo la nne lilikuwa na kete, kwa hiyo unakula tena, na mbele yake pamebaki patupu. Ameshindwa. Sasa mpunguzie mpinzani kete moja tu, zile nne ziwe tatu. Kete yako ya mwisho inalala katika shimo la tatu ulilolitoa tupu, na mchezo unaendelea! Mtoto akiona hivyo macho humtoka.

Kutunga si kazi ngumu. Panga mwisho unaoutaka, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Ongeza kete, sogeza shimo, lijaribu na jirani. Andika katika daftari mistari minne ya nambari nane nane, useme nani anacheza na kama ana kete mkononi. Chini yake weka jina la mtungaji, maana mtoto akiona jina lake atatunga lingine kesho. Jibu liandikwe karatasi nyingine. Dada aliyeko Kasulu atumiwe, naye arudishe lake. Siku hizi picha ya simu yatosha. Na wazee waombwe yale magumu. Mzee aliyekuwa akikaa kimya nyumbani, akiulizwa fumbo, husema mpaka chai inapoa.

Wapo watakaosema bao ni mchezo wa wavivu, au wa kuwekeana fedha. Fedha tusiweke, basi. Kuhusu uvivu, mama aliyewahi kumkalisha mtoto wa miaka tisa akihesabu kimya kwa robo saa anajua jibu.

Neno moja la kiuuguzi: kete zisiachwe sakafuni penye mtoto mchanga anayetambaa. Kokoto na mbegu huingia puani na kooni haraka kuliko mama anavyogeuka. Zihesabiwe kila jioni, zitimie 64, ndipo mfuko ufungwe.