Mita 36 Nyuma ya Goli

Shabiki aliyekata tiketi ya mzunguko pale Uwanja wa Benjamin Mkapa akaangukia kiti cha nyuma ya goli anaijua adha hii: purukushani ikitokea kwenye boksi la upande wa pili, hana budi kusubiri kelele za wenzake ndipo ajue kama mpira umeingia. Chanzo chake ni tartani, ile njia ya riadha inayozunguka uwanja.

Njia ya riadha ya kawaida ina mzunguko wa mita 400. Pande mbili zilizonyooka zina mita 84.39 kila mmoja, na huunganishwa na nusu duara mbili zenye nusukipenyo cha mita 36.5. Humo ndani ndimo unamowekwa uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68. Ubavuni unaenea bila shida. Nyuma ya goli, hata hivyo, hubaki mita 26 tupu hadi ukingo wa tartani, kisha zinafuata njia nane za mita 1.22 kila moja. Mtu wa mstari wa mbele kabisa anakuwa mita 36 kutoka golini, na hapo hatujahesabu uzio.

Kwenye kibendera cha kona mambo ni kinyume. Kutoka hapo hadi ukingo wa tartani ni kama mita moja tu, hivyo mpiga kona akirudi nyuma kuchukua mbio anajikuta amekanyaga njia ya wakimbiaji. Ndiyo maana viwanja vingi vya aina hii hutandikwa nyasi bandia pembeni hapo. Nyasi za katikati nazo zina mateso yake: nyundo ya kurusha ya wanaume ina kilo 7.26, na inapotua huacha shimo ambalo hakuna beki anayetaka kulikuta Jumapili.

Wenye fedha wamejaribu mengi. Manchester, baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, waling'oa tartani, wakachimba uwanja chini na kuongeza jukwaa, na Manchester City wakahamia 2003. Wanariadha waliachiwa uwanja mdogo wa jirani. Stade de France na uwanja wa Olimpiki wa London hutumia majukwaa ya chini yanayosogezwa, kazi ghali inayokula siku kadhaa. Bayern Munich waliuaga uwanja wao wa Olimpiki mwaka 2005, wakahamia mwingine walioujenga.

Kwetu Afrika Mashariki, mtu akidai tartani ing'olewe, nitampinga waziwazi. Kasarani ya Kenya iliandaa mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 20 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikapokea fainali ya soka ya CHAN. Tartani ya namna hiyo ikishaondoka, sioni nani atawajengea wakimbiaji nyingine. Klabu inayotaka mashabiki wake walisogelee goli ijenge uwanja wake yenyewe, kama Azam walivyofanya Chamazi.